Swichi ya Milioni Mbili na Sauti ya Mbaraka

Ukisikia neno swichi, wengi wetu tunafikiria ile ya taa, iliyobandikwa ukutani karibu na mlango. Swichi ninayotaka kuizungumzia leo ni kisanduku kidogo chenye matundu ya kuchomekea nyaya za intaneti. Kazi yake ni ya tarishi. Inapokea data kutoka waya mmoja, inasoma anwani, inaipeleka kwenye waya unaohusika. Hapa Morogoro Mjini, ukiingia duka la vifaa vya kompyuta, utapata ya matundu matano au manane kwa elfu 40, elfu 50 hivi. Ofisi zinazo, shule zinazo, wala hakuna anayezitazama mara mbili.

Sasa, zipo nyingine, ndugu yangu. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa muziki. Kasha ni la alumini nene, miguu yake ni ya mpira maalumu, na ndani, wanasema, kuna saa ya umeme inayohesabu muda kwa usahihi wa ajabu. Bei yake inaanzia mamia ya dola, na zipo zinazovuka dola 2,000. Wauzaji wa vifaa vya namna hii wanasema muziki wa mtandaoni ukipita humo, besi inakaza, mwimbaji anasogea mbele, na kila gitaa linapata nafasi yake ya kusimama.

Huenda unajiuliza haya yanahusu nini watu wanaokutana hapa kuzungumzia vitabu. Yanahusu sana, na nitafika huko. Lakini kwanza nikueleze kuhusu mzee mmoja na hela ya mabati.

Mzee huyo anaishi Kilakala, upande ambao ukifungua dirisha asubuhi unaiona Uluguru imejifunika wingu mpaka kiunoni. Alikuwa mhasibu serikalini, sasa amestaafu. Ana amplifaya ya Kijapani aliyoinunua miaka ya 1980, spika mbili ndefu za mbao, na kisanduku cha kupigia muziki wa mtandaoni alicholetewa na mwanawe anayeishi nje. Jioni nyingi mimi hupita pale. Mimi ni mwandishi wa habari, naandika kuhusu teknolojia na utamaduni, na yeye ni mtu ambaye ukimpa chai atakupa miaka 50 ya mji huu bila kuangalia karatasi.

Siku moja binti yake alinipigia simu. "Kaka, naomba ukaongee na baba. Anataka kuagiza kimashine cha milioni mbili, eti muziki usikike vizuri. Hiyo ni hela ya mabati ya Matombo." Nyumba ya Matombo ni ya marehemu bibi yao, paa limeoza, na masika hayamsubiri mtu. Binti alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini alichoniomba hakikuwa kidogo. Kumwambia mzee wa miaka 70 na ushee, aliyeanza kusikiliza dansi kabla wazazi wangu hawajaoana, kwamba masikio yake yanamdanganya, si jambo la kuingia nalo mlangoni ukiwa bado umesimama.

Kwa msomaji anayeijua Morogoro kwa stendi ya Msamvu tu, pale basi linaposimama ununue maji na korosho, nieleze kidogo. Mji huu uliwahi kuwa na bendi mbili zilizowagawa wakazi wake kama Simba na Yanga. Cuban Marimba ilianzishwa 1948 na Salum Abdallah. Yeye alifariki kwa ajali ya gari 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu 1944, ila makali yake tunayoyakumbuka yalikuja katikati ya miaka ya 1960, alipoingia kijana mpiga gitaa aitwaye Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda kuiwakilisha nchi kwenye maonesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na miaka 34.

Mzee wangu alikuwa upande wa Morogoro Jazz. Aliwaona jukwaani, aliwasikia redioni, alinunua santuri zao kwa mshahara wake wa kwanza. Na sasa, anasema, akiwapiga kwenye kile kisanduku cha mtandaoni, hawamtambui naye hawatambui.

Nilipofika nilimwamkia, nikaketi, tukanywa chai. Sikuanza na swichi. Nilimuuliza swali moja tu, lile ninalomuuliza kila mtu anayeniletea malalamiko: "Mzee, hebu nieleze, unasikia nini hasa?"

Alifikiri. "Sauti imekuwa nyepesi," akasema. "Haina uzito. Mbaraka alikuwa na sauti ya mtu mzima, mwanangu. Huyu wa humu ni kama kijana anayekimbilia basi."

Nikaandika kwenye daftari, neno kwa neno. Ukiwa mwandishi unajifunza kutenganisha vitu viwili anavyokupa mtu: anachokiona na anavyokieleza chanzo chake. Mama anakwambia maji ya bomba yana rangi kwa sababu jirani ni mchawi. Habari ya mchawi unaweza kuiacha, lakini rangi ya maji nenda kaitazame.

Tuanze na chanzo alichokitaja mzee, yaani waya na swichi.

Muziki wa mtandaoni hausafiri kama sauti. Unasafiri kama namba. CD ya kawaida huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa spika, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Kwa pande zote mbili hiyo inafika kilobiti 1,411 kwa sekunde. Inaonekana nyingi, lakini ile swichi ya elfu 45 inaweza kupitisha kilobiti milioni moja kwa sekunde. Muziki huo haufiki hata sehemu mbili kwa elfu moja ya uwezo wake. Ni kama kumtuma mtoto mmoja kwa lori la tani kumi.

Namba hizo hukatwa vipande vidogo, vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hubeba hesabu ya kujikagua. Ikifika imeharibika inatupwa, na huduma za muziki hutumia utaratibu ambao pakiti ikipotea njiani aliyeituma anaambiwa airudie. Kwa hiyo namba zinazofika kwenye kisanduku cha mzee ni zilezile zilizoondoka kwa mtumaji, la sivyo hazifiki kabisa. Hakuna utaratibu wa namba kufika zikiwa zimepauka kidogo, au besi ikiwa imelegea.

"Lakini zinafika kwa kuchelewa na kuwahi," mzee aliniambia. Alikuwa amesoma. "Ndiyo maana wanaweka ile saa."

Nikamwonyesha simtank yake nje, juu ya mnara wa matofali. Maji ya bomba mtaani kwao yanakuja anavyojua mwenyewe: asubuhi kwa nguvu, mchana kwa matone, kesho hakuna. Lakini ukioga bafuni kwa mzee maji yanatoka sawasawa, kwa sababu hayatoki barabarani, yanatoka kwenye simtank. Kisanduku cha muziki nacho kina simtank yake. Data inaingia kwa mafungu, inakusanywa, kisha kigeuzi, kile ambacho wajuzi wanakiita DAC, kinaichota kwa mwendo wa saa yake chenyewe na kuigeuza umeme wa kuipeleka kwenye amplifaya. Saa inayohusika ni hiyo. Saa ya swichi ni ya mtu wa barabarani, haina sauti bafuni.

Ushahidi mwingine tulikuwa nao sote bila kujua. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya chini ya bahari ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kumbuka siku hizo. Muziki uliokuwa unausikiliza ulisimama, ukazunguka kale kaduara, ukaendelea, ukasimama tena. Haukupungua uzito wala magitaa hayakusogea nyuma. Redio ya mawimbi ya kati ya ujana wa mzee ndiyo iliyokuwa ikififia taratibu, usiku ikija vizuri, mchana ikikoroma, mvua ya radi ikiitafuna. Masikio ya kizazi chake yalifundishwa, tena kwa haki, kwamba njia ikiwa mbaya sauti inakuwa mbaya. Mtandao hauharibikiwi hivyo. Wauzaji wa swichi za bei wanauza dawa ya ugonjwa wa redio kwa mgonjwa wa intaneti.

Nisiwaonee hata hivyo. Wana hoja moja ambayo si ya kipuuzi. Wanasema: sawa, namba ni zilezile, lakini waya wa shaba unabeba pia kelele za umeme, na kelele hizo zinaweza kuingia kwenye kigeuzi na kuchafua sauti mle ndani. Kinadharia inawezekana. Ila tundu la waya wa intaneti huwa na kitransfoma kidogo cha kutenganisha umeme wa pande mbili, kimewekwa pale kwa kazi hiyo, hata kwenye vifaa vya bei nafuu. Na kama bado una hofu, tumia Wi-Fi, hapo hakuna shaba inayounganisha chochote. Dawa yake ni ya bure. Isitoshe, kelele ya umeme ikiwa kubwa kiasi cha kusikika, utaisikia kama mngurumo au mlio wa nyuki, na fundi mzuri wa Mji Mpya atakwambia uangalie ardhi ya umeme wa nyumba yako kabla hujaagiza kitu kwa ndege. Haiji kwa sura ya mwimbaji aliyekuwa mtu mzima kugeuka kijana.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Maneno yako mazuri. Lakini mimi nilikisikia kitu hicho kwa rafiki yangu Dar, na nilisikia tofauti."

Hapo maneno yamekwisha, inabaki kupima.

Nikaiazima swichi ya gharama kwa huyo rafiki yake, nikaja nayo kwa treni ya SGR, nimeizungushia shati ndani ya begi. Ya kawaida nilinunua hapa mjini, elfu 45. Kabla ya kumwita mzee nilifanya kipimo kisichohitaji masikio. Nilituma faili la wimbo mmoja kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia swichi ya elfu 45, kisha kupitia ile ya gharama. Nakala mbili zilizofika nikazipigia ile hesabu ambayo mafundi wa kompyuta huitumia kulinganisha mafaili. Ikibadilika hata biti moja, jibu lake linabadilika lote. Majibu yalilingana herufi kwa herufi.

Kisha tukaja kwenye masikio. Mjukuu wake wa kidato cha pili alikaa nyuma ya pazia na shilingi mkononi. Anairusha: ikiangukia upande wa kichwa anachomeka swichi ya gharama, ikiangukia upande mwingine anachomeka ya kawaida, anaandika kwenye karatasi, hasemi neno. Mimi nilikaa upande wa babu, nisijue chochote, maana hata uso wangu ungeweza kumpa jibu. Wimbo uleule, sauti kiwango kilekile, raundi 20. Mzee alivaa miwani, akasema amevaa ili asikie vizuri, tukacheka.

Kwa kubahatisha tu mtu hupata kama 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati ni jambo la nadra, karibu mara 2 katika majaribio 100, na nilimwambia kabla hatujaanza kwamba akifika 15 nitaandika makala ya kumtetea. Tulimaliza saa moja jioni, mjukuu akatoka na karatasi. Kumi na moja.

Mzee aliichukua ile karatasi, akaikagua mstari kwa mstari kama vitabu vya hesabu vya zamani. Hakubishana. "Kumi na moja," akasema, "ni nusu na chenji."

Ningeweza kuondoka hapo. Binti angefurahi, mabati yangenunuliwa, na mimi ningekuwa na makala ya kuwacheka watu wa swichi. Lakini daftarini bado nilikuwa na sentensi moja ambayo haijajibiwa: kama kijana anayekimbilia basi. Jaribio letu lilikuwa limejibu kuhusu swichi. Lile la sauti ya Mbaraka lilikuwa bado.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Mpenzi wa vitabu anapoona ubeti umepungua mstari, au sura inaanza katikati ya sentensi, haulizi lori lililokileta kitabu kutoka Dar lilikuwa la aina gani. Anauliza: hii ni nakala ipi? Nani aliihariri? Ilichapwa mwaka gani, kutoka mswada upi? Kazi za kale za Kiswahili zilizokuja kwetu kwa hati za Kiarabu zimetufundisha kwamba mwandishi mmoja, mnakili mwingine na mhariri wa tatu wanaweza kukupa tungo tatu tofauti zenye jina moja. Wasomaji wa utendi wanalijua hilo, ndiyo maana wanalinganisha. Lakini kwenye muziki tunabonyeza jina la wimbo na kuamini kwamba huo ndio wimbo wenyewe. Tukishasikia kasoro, tunalaumu lori.

"Mzee," nikamuuliza, "santuri zako ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya kitanda, kwenye boksi la televisheni, zimefungwa na kanga. Santuri ndogo za mizunguko 45, zaidi ya hamsini, nyingine bila bahasha. Mashine ya kuzipigia ilikuwepo, imefunikwa kitambaa, ila sindano ilikuwa imekwisha miaka mingi. Tuliagiza sindano Kariakoo, ikaja kwa basi, elfu 90 pamoja na nauli. Jumamosi iliyofuata tukaweka santuri ileile, wimbo uleule tuliokuwa tumeurudia mara 20.

Ilikoroma mwanzo kama kitunguu kwenye mafuta. Kisha gitaa likaingia, kisha sauti. Mzee akanyanyua mkono bila kunitazama. Hakusema kitu mpaka upande ulipoisha.

"Huyo," akasema.

Hata mimi nilisikia. Ila nilijua pia kwamba tayari nilikuwa nimekaa mkao wa kutaka kusikia, na pale kwenye viti vile ndipo wauzaji wanapopatia wateja. Tena mikwaruzo ya santuri ilikuwa inamtambulisha kila mtu, hivyo kuweka pazia kusingetusaidia kitu. Ilibidi tutafute kitu cha kuhesabu.

Mjukuu ndiye aliyekiona. Alikuwa amepiga santuri na simu kwa zamu, akashika saa. Upande ule wa santuri ulidumu sekunde 190. Sehemu ileile, kutoka noti ya kwanza mpaka ya mwisho, kwenye nakala ya mtandaoni ilidumu sekunde 179. "Babu, huu wa kwenye simu unawahi kumaliza."

Sekunde 11. Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana: ama mashine ya mzee inazunguka polepole kwa uzee, ama nakala ya mtandaoni imeharakishwa. Tukabandika kipande cha karatasi kwenye sahani ya mashine na kuhesabu, mjukuu akiangalia karatasi, mimi nikiangalia saa. Dakika mbili, mizunguko 90. Tukarudia. Mizunguko 90. Mashine ilikuwa inasema kweli.

Mahali fulani, siku fulani, mtu alihamisha santuri kama ile kwenda kwenye kompyuta kwa mashine iliyokuwa inakimbia. Pengine mkanda wake ulikuwa umebadilishwa, pengine skrubu ya kurekebisha mwendo ilikuwa imeguswa. Mwendo ukizidi kwa asilimia sita, kila noti inapanda nusu sauti. Mwimbaji anakuwa na koo fupi zaidi, besi inapoteza kina, na kila anachosema anakisema kwa haraka. Anakuwa kijana anayekimbilia basi. Mzee wangu alikuwa amelieleza tatizo kwa usahihi ambao hakuna mashine yangu iliyoufikia, na alikuwa anakaribia kulipa milioni mbili kutibu kitu kingine. Masikio yake hayakuwa na kosa. Aliposhindwa kutofautisha swichi, yalikuwa yanasema ukweli vilevile: hapo hapakuwa na cha kusikia.

Nikimtazama muuzaji wa dawa za uongo, namwona hivi. Maumivu anayoyaeleza mteja mara nyingi ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli, mteja yuko tayari kulipa. Ukimwambia "huumwi" unamsukuma arudi dukani.

Kasoro ya namna hiyo ilipita vipi bila mtu kuiona? Tukumbuke safari ya nyimbo hizi. Santuri nyingi za bendi zetu za wakati ule zilitokea Nairobi. Wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili ili utoshe, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili. Kwa upande mwingine, Redio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio na kurekodi kwenye mikanda mikubwa, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Baadaye santuri zikahamishiwa kwenye kaseti, kaseti zikarekodiwa kaseti, kila duka la kurekodi na dekiki zake, na mwisho mtu mwenye mapenzi mema akapakia mtandaoni alichokuwa nacho. Zipo nakala zilizotolewa kwa jina na mwaka. Mwaka 2000 Dizim Records ya Ujerumani ilitoa CD ya Mbaraka na Morogoro Jazz iitwayo "Masimango", na nyingine ya Salum Abdallah na Cuban Marimba iitwayo "Ngoma Iko Huku". Ukishika nakala kama hiyo una mtu wa kumuuliza. Lakini ukitafuta jina la wimbo kwenye simu, nakala tano zinakuja kwa pamoja, nyingi bila chanzo, na inayosikilizwa zaidi si lazima iwe ndiyo iliyohamishwa kwa uangalifu. Inaweza kuwa ni ile tu iliyotangulia kupakiwa.

Hiyo nakala mbovu, sasa, mtandao wetu unaibeba kwa uaminifu mkubwa. Kila biti ya ule mwendo wa kukimbia inafika Kilakala kamili, haijapungua hata moja. Swichi ya elfu 45 inaileta ilivyo, na ya milioni mbili inaileta ilivyo.

Milioni mbili za mzee zilikwenda kwenye mabati, na paa la Matombo lilipandishwa kabla ya masika. Swichi ya watu niliirudisha Dar, nayo haikupata mkwaruzo. Mzee alibaki na ile sindano, na kifaa kidogo cha kuunganisha mashine ya santuri na kompyuta, ambacho hakikufika laki mbili. Kila Jumamosi yeye na mjukuu wanahamisha santuri tatu au nne. Wanafuta vumbi, wanahesabu mizunguko, wanarekodi, na mjukuu anaandika jina la wimbo, bendi, namba iliyo kwenye lebo na tarehe waliyohamisha. Mikwaruzo wameiacha. Mzee anasema mikwaruzo ni yake, aliilipia.

Mimi nilichukua faili la ule wimbo wetu, nikamtumia kijana mmoja anayepiga gitaa kwenye bendi ya hoteli hapa mjini. Wanaupiga wimbo huo karibu kila Ijumaa, watu wanaupenda, na yeye solo yake anaipiga bila kukosea hata noti. Amejifunza yote kutoka kwenye simu. Niliwahi kumsikia na najua funguo anayotumia: ni ile ya simu, nusu sauti juu ya santuri, na mwendo wake ni ule wa kukimbia. Mwimbaji wao anajikamua kwenye noti za juu, nayo hadhira inampigia makofi kwa kujikamua huko.

Majibu yalikuja usiku. "Kaka, hii umeitoa wapi? Mbona imepoa hivi? Hawa watakuwa wameipunguza spidi."

Nikamwandikia kwamba hakuna aliyeipunguza. Nikamwomba aje Kilakala Jumamosi saa kumi, kuna mzee nataka wakutane, na aje na gitaa lake.